Mume wa Kwanza wa Mama

Kabla hatujapanda ndege kwenda Oman mama aliniomba kitu kimoja tu: nisimwachie mtu mwingine amtembeze. "Unitembeze wewe," alisema. "Sitaki dereva wala mjomba wako. Mie na wewe." Nilidhani ni mapenzi ya mama kwa mwanawe wa pekee. Nilifurahi, maana kwa miezi minne alikuwa akinisemesha kwa yale ya lazima tu, chumvi, dawa zake, mlango ufungwe, na nilijua kwa nini.

Miezi minne kabla ya safari ile nilimpiga mke wangu. Nilimpiga kofi jikoni kwetu Unguja, sufuria ya wali ikiwa motoni, kwa sababu alinijibu wakati nilikuwa sitaki kujibiwa. Aliyumba, akajigonga kwenye kona ya kabati, nyusi ikapasuka. Haikuwa mara ya kwanza kumpiga. Ilikuwa mara ya kwanza damu kutoka. Mama, ambaye wakati ule alikuwa anakaa nasi, alikuja na bakuli la maji ya vuguvugu akamwosha uso. Aliniangalia mara moja, kisha akaendelea kuosha. Mimi ni mwalimu wa skuli. Nimechapa watoto wa watu kwa miaka karibu ishirini, na nilikuwa nimeshazoea kwamba mkono wangu ukitoka watu hunyamaza na kazi inaendelea.

Maskati tulifikia mtaa wa Hamriya, kwa binamu ya mama ninayemwita mjomba. Alihamia huko ujanani, na sasa anakaa ghorofa ya pili juu ya duka la mapazia, mahali ambapo tangu asubuhi unasikia honi za magari na watu wakibishana kwa lugha nne. Siku ya tatu alinipa ufunguo wa gari lake. Mama alikuwa ameshavaa buibui lake jipya, ameketi mlangoni na mkoba mapajani, chupa ya chai na chapati za jana zimo ndani. Magoti yake yalikuwa yamevimba kwa ile safari ya ndege, lakini hakutaka kuambiwa apumzike.

Kwetu usukani uko kulia na magari hupita kushoto. Kule kila kitu kimegeuzwa. Hatukuwa tumefika mbali tulipoingia kwenye kipilefti, nikatazama upande niliozoea kutazama, nikaingia. Gari dogo la mizigo lilitokea upande wa pili. Lilipiga breki, likatuparuza ubavuni, kioo chetu cha pembeni kikaruka kikasambaratika barabarani. Mama alisukumwa mbele mpaka mkanda ukamkata pumzi.

Dereva alishuka, mtu wa makamo, mwembamba, vumbi la saruji limemjaa nywelani, pengine Mpakistani. Mikono yake ilikuwa juu na alikuwa anasema kitu ambacho sikukielewa, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. Nilishuka nikamshika shati kifuani nikambana kwenye mlango wa gari lake. Nilimsukuma mara mbili. Mara ya pili kichwa chake kiligonga chuma, nikausikia mlio. Hakunigusa. Alifumba macho tu, akangoja.

"Rudi ndani," mama aliniita dirishani, kwa sauti ya kawaida.

Nilimwachia. Yule mtu aliokota vipande vya kioo kimoja kimoja akaviweka pembeni ya njia ili visitoboe matairi ya watu, halafu akapanda gari lake akaondoka.

Tuliendelea na njia mpaka tukaiona bahari ya Matrah, penye soko la zamani.

"Kosa lilikuwa lako," mama alisema.

"Najua."

"Na yeye ndiye uliyembana."

Nilimtembeza sokoni kidogo, akanusa ubani akasema wa kwetu unafukiza vizuri zaidi, akanunua kitambaa cha kichwa cha mke wangu, rangi ya samli. Kisha tukafuata barabara ya pwani, majabali meusi upande mmoja na maji upande mwingine, mpaka Maskati yenyewe, ule mji wa zamani ulio ndani ya ukuta. Siku hizi hawakai watu wengi mule. Kuna kasri, kuna wizara, na uwanja mpana uliosafishwa mpaka unang'aa, na wageni wanaopiga picha. Nilimsimamisha mama mbele ya lango la kasri nikampiga picha. Ninayo mpaka leo. Anaangalia saa.

Joto lilikuwa kali, basi tukaingia nyumba moja ya makumbusho iliyo karibu, kwa ajili ya ubaridi zaidi kuliko vitu vyenyewe. Tukapita kwenye mitungi, mapambo ya fedha, majambia yamepangwa kama samaki sokoni. Mama alikuwa anapita bila kusimama. Mwisho wa chumba kulikuwa na kabati la kioo lenye bakora, zile nyembamba ambazo wanaume wa huko hushika wakivaa rasmi, za mti mwepesi, kichwa kimepindwa. Hapo akasimama. Alisimama kwa muda mrefu mpaka mlinzi akatutazama.

"Ukiiona utasema ya mapambo," alisema. "Haina uzito hata. Lakini inaingia nyamani."

Nilicheka kidogo. Nilidhani ananisema mimi na kazi yangu ya skuli.

"Nitafutie pa kukaa," akasema.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, kulikuwa na benchi la jiwe. Alikunjua chapati, akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, hakunywa. Akaanza kusema, akitazama mbele.

Nilijua kwamba kabla ya baba mama alikuwa na mume mwingine, kama mtu anavyojua kwamba nyumba anayoishi ilikuwa na wapangaji wengine zamani. Sikuwahi kuuliza.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema. "Yeye karani wa bandarini. Mtu wa watu, kila mtu anampenda, watoto wa mtaani wanamkimbilia. Siku ya arubaini ya harusi n'do alinipiga mwanzo. Ndugu yake alikuja akasema neno, nikacheka. Alipoondoka yule ndugu, akafunga madirisha. Nikadhani anaogopa mvua. Basi ikawa hivyo, anafunga madirisha kwanza, halafu anafungua redio. Nikisikia komeo la dirisha nakaa chini mwenyewe, najifunika kichwa. Kukaa chini bora, huanguki."

Alinyoosha vidole akavitazama. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimepinda tangu nimjue. Nilipokuwa mdogo aliniambia kilifinywa na mlango.

"Mwaka wa tatu nikashika mimba. Nikasema sasa ataacha. Na kweli akaacha, miezi mitano mizima. Mwezi wa sita akanikuta nimelala alasiri, chai haijawa tayari. Alinichapa mgongoni. Mie nikageuka nikinge, ikanipata tumboni. Aliponiona nimelikinga tumbo, n'do akaona pa kupiga. Akatupa bakora akatumia mguu." Alizifunga tena chapati. "Nilizaa asubuhi yake. Mtoto wa kike. Alikuwa na nywele, na kucha. Hakulia."

Watalii walipita mbele yetu wakicheka. Mama akangoja wapite.

"Mamaangu alipokuja akaambiwa nimeanguka ngazini. Nyumba ile ilikuwa ya chini, mwanangu. Haikuwa na ngazi. Na mamaangu alikuwa anakuja kila wiki, anajua kama haina ngazi. Aliniosha, akanifunga tumbo, akasema, pole, uwe unaangalia unapokanyaga."

Niliuliza yule mtu alikwenda wapi. Akasema alipata njia ya kuja kwa jamaa zake Oman, na baada ya mwaka ikaja barua yenye talaka ndani. Kisha akaolewa na baba, ambaye hakuwahi kumpiga hata kwa kitambaa.

"Yu hai?"

"Yu hai. Yuko Qurum, hapa hapa Maskati. Mjomba wako n'do aliyenitafutia. Nimeshapiga simu kwao, nimesema anakuja mtu wa Unguja aliyemjua zamani. Wanatungoja baada ya adhuhuri."

Damu ilinipanda. Nilimwona yule mzee ambaye sijawahi kumwona, nikaona meno yake yakitoka. Nilisimama. "Sawa," nikamwambia. "Nitamvunja."

"Kaa," alisema. "Sikukuleta umpige. Wa kupiga tunaye nyumbani."

Nikakaa.

"Mkeo siku ile aliniambia amejigonga kabatini. Nikamwambia pole, uwe unaangalia. Maneno ya mamaangu, yamenitoka vilevile. Nilikuwa nna kitambaa mkononi, nna damu yake, na nikasema maneno yale. Tangu siku hiyo sijalala usingizi wa sawasawa. Nimekuzaa mie, nimekulea mie. Sasa twende."

Barabara ya kwenda Qurum ni pana na watu huendesha kwa kasi. Niliendesha polepole, magari yakinipita. Huko ni kwa watu wenye nafasi, nyumba nyeupe zenye kuta ndefu, hakuna mtu anayetembea kwa miguu. Mama aliniongoza kwa karatasi aliyoandikiwa na mjomba. Tulipofika alishuka polepole, akatengeneza mtandio wake kwenye dirisha la gari.

Alitufungulia mwanamke wa umri wangu, amevaa nguo ya nyumbani ndefu na shela. Alisema yeye ni binti wa mwenye nyumba, na Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja kabisa, cha watu wa zamani, Kiarabu kikiingia na kutoka. "Tafadhalini, karibuni, ahlan. Baba tangu asubuhi anauliza mmeshafika. Wallahi hatupati wageni wa kwetu siku hizi."

Mzee alikuwa sebuleni. Nilikuwa nimetegemea kumkuta mgonjwa kitandani, na ningependa hivyo, ingekuwa rahisi zaidi. Alisimama mwenyewe kutupokea. Mrefu, kanzu nyeupe imepigwa pasi, ndevu zimechongwa. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu. Nilimwamkia shikamoo kwa mazoea, akaitikia marahaba, akanipigapiga bega. Bakora yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kiti.

Binti alileta haluwa na kahawa. Mzee akauliza habari za Unguja. Aliuliza habari za mtu mmoja mmoja, na mama akawa anamjibu: yule amekufa, yule amekufa, yule yupo lakini haoni. Alicheka, akala haluwa kwa vidole viwili, akasimulia kisa cha mtu aliyeanguka majini bandarini na kofia yake. Nikajikuta natabasamu. Alikuwa mtu wa kupendeza kukaa naye.

"Na wewe bibi, samahani," alisema, "sura naijua lakini umri huu. Tulikuwa majirani?"

"Nilikuwa mkeo," mama alisema. "Miaka mitatu na miezi."

Binti alikuwa anamimina kahawa. Aliacha kumimina.

"Ah," mzee akasema. Aliifuta mikono yake kwa kitambaa. "Zamani hizo. Tulikuwa watoto."

"Baba, ulikuwa na mke Unguja?" binti aliuliza.

"Ilikuwa ndoa fupi. Hatukuelewana, nasibu haikuwepo. Mambo ya kawaida."

"Mwambie binti yako nilivyoanguka," mama alisema.

"Uliteleza. Masikini, ulikuwa na mimba, uliteleza."

"Niliteleza wapi?"

"Ngazini."

"Nyumba ile ilikuwa na ngazi ngapi?"

Uso wake haukubadilika, ila shingo ilianza kuwa nyekundu chini ya ndevu. Kisha akamgeukia binti akamwambia kwa Kiarabu, kwa upole, kwamba wageni wamechoka na wasindikizwe. Kiarabu changu ni cha msikitini lakini hayo niliyafahamu. Mama naye aliyafahamu. Aliinuka. Kwa magoti yale ilimchukua muda, alishika ukingo wa meza, sote tukamtazama akiinuka, na nadhani sote tuliamini anaondoka. Akapita mbele ya kiti cha mzee, akachukua bakora.

Pigo la kwanza lilimpata begani. Lilitoa sauti ninayoijua vizuri, sauti ya darasani kwangu. La pili aliinua mkono akinge, likampata kwenye mfupa wa kiwiko. La tatu lilimpata usoni, kutoka sikio mpaka mdomo, na ngozi ikafunguka. Damu ilishuka kwenye kanzu. Mama alikuwa anapumua kwa mdomo kama mtu anayetwanga.

Mzee aliinuka. Alikuwa na miaka zaidi ya themanini lakini aliinuka kama kijana, akamshika mama buibui hapa shingoni, akampiga kwa kiganja. Sikuwa nimeona mtu akimpiga mama yangu maishani. Nilichokiona ni jinsi mama alivyokaa. Hakuanguka. Alipoguswa tu alijikalisha chini mwenyewe, mikono kichwani, upesi, kana kwamba miaka hamsini haikupita. Bega lake likaigonga sinia. Birika la kahawa lilipinduka likammwagikia mkononi.

Sikumbuki nilivyovuka meza. Nakumbuka nimemshika mzee kooni, mgongo wake uko ukutani, na koo lake linapanda na kushuka chini ya kidole gumba changu. Visigino vyake vilikuwa vinapiga ukuta. Naandika haya kwa sababu hakuna mwingine atakayeyaandika: nilikuwa naona raha. Si kwa ajili ya mama. Mama nilikuwa nimeshamsahau pale chini. Ilikuwa raha ya mkono wenyewe, kukamata kitu na kukisikia kinalegea.

Binti alinipiga mgongoni kwa kitu kizito, nadhani lile birika. Alinipiga mara tatu au nne. "Mwache babangu," alikuwa anasema. "Mwache. Mwache babangu."

"Mwachie," mama alisema kutoka chini. "Mwachie sasa hivi."

Nilimwachia. Mzee aliteleza ukutani akakaa sakafuni akikohoa, macho yamejaa machozi. Chumba kilinuka kahawa na iliki.

Binti alisimama katikati yetu, birika mkononi, akihema. Alimtazama baba yake, akamtazama mama. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimwinamia mama kwanza. Aliushika ule mkono ulioungua, ngozi ilikuwa imeshaanza kuinuka malengelenge, akamwinua, akampeleka jikoni. Nilisikia maji ya bomba yakifunguliwa na yakaendelea kumwagika muda mrefu. Walikuwa wanaongea huko, kwa sauti ya chini.

Nikabaki na mzee. Nilikuwa nimesimama, yeye amekaa sakafuni, amejibana kitambaa shavuni. Alinitazama kwa jicho moja. Nilidhani atanitukana, au ataniambia anaita polisi, na angekuwa na haki.

"Umeoa?" aliniuliza. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika.

Nikasema ndiyo.

"Basi unajua," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anazungumza na mtu mzima mwenzake. "Mwanamke akishakuwa mjuvi, mtu hupandwa na kitu. Halafu kinashuka. Si kwamba mtu ni mbaya. Weye unajua."

Nilikuwa natafuta neno la kumkatalia na sikulipata, kwa sababu nilikuwa namfahamu vizuri. Hicho kitu kinachopanda na kushuka nakijua joto lake na mahali kinapoanzia. Kama angesema jambo la kinyama ningemchukia nikarudi nyumbani salama. Alisema jambo ambalo mimi mwenyewe nimelisema, karibu kwa maneno yayo hayo, nikimwambia mwalimu mwenzangu tulipokuwa tunakunywa chai.

Binti alirudi na mama, mkono umezungushwa taulo lenye barafu. Alisimama mbele ya baba yake.

"Mamangu alikuwa hasikii sikio la kushoto," alisema. Alikuwa anamwambia mama, lakini anamtazama baba yake. "Alituambia aliteleza bafuni, sisi tulikuwa wadogo. Mpaka anakufa nilikuwa namkalia upande wa kulia."

Mzee alisema jina la Mungu, akafumba macho.

"Ndugu zangu wanarudi kazini saa tisa," binti akatuambia. "Wakikukuteni na hali hii watakuueni, na mimi sitoweza kuwazuia. Nendeni. Nitasema ameanguka."

Alipolisikia neno lile mwenyewe, akatikisa kichwa. "La," akasema. "Sitosema ameanguka. Nitajua nitasema nini. Lakini nyinyi nendeni."

Niliendesha mpaka ufukwe wa Qurum, haikuwa mbali, nikasimamisha gari mahali pasipo watu. Mama alifungua mlango akatapika chai na haluwa mchangani. Nilimshika mgongo. Ulikuwa mgongo mdogo sana.

"Nilidhani nitasikia raha," alisema alipomaliza. "Miaka yote nilidhani hivyo. Nasikia mkono unaniuma tu."

"Unajuta?"

Alijifuta mdomo. "La. Lakini si kitu nilichokidhani."

Kisha akaniambia nimpeleke hospitali, kwa kuwa malengelenge yalikuwa yanapasuka. Daktari alipouliza, mama alijibu kwa Kiarabu chake cha kuvunjika kwamba amepigana. Daktari alidhani amekosea neno, akamrekebisha. Mama akalirudia vilevile.

Mjomba alipopata habari alitugombeza mpaka sauti ikamkauka. Alisema tungefungwa sote wawili, na yeye angefukuzwa kwenye kila baraza la Waunguja kuanzia Hamriya mpaka Sib. Siku mbili zilizobaki hatukutoka nje. Kila simu ikilia tulishtuka. Hakuna aliyekuja. Siku ya kuondoka binti alimpigia mama, wakaongea nusu saa, na mpaka leo huongea, zaidi kuhusu magoti na dawa za magoti. Kuhusu baba yake alisema tu kwamba kovu limebaki, na kwamba wageni wakiuliza limetokana na nini, yeye binti ndiye anayejibu.

Tulifika Unguja alasiri. Mama alimpa mke wangu kile kitambaa akaenda kulala. Nilimfuata mke wangu uani, akiwa anaanua nguo, nikamwambia nimekuja kukiri kwamba nilimpiga, siku ile na siku nyingine, na kwamba hakujigonga.

Alikunja shuka, akaiweka juu ya nyingine.

"Unaniambia mimi?" alisema. "Mimi najua. Nilikuwepo. Nenda kawaambie kaka zangu."

Nilikwenda Ijumaa baada ya sala. Wako watatu. Niliwaambia barazani kwao, nimekaa, mikono mapajani. Yule mdogo, ambaye nilimsomesha hesabu na kumchapa zaidi ya mara moja, aliinuka akanipiga ngumi ya mdomo. Jino moja lilivunjika na lingine likalegea. Alinipiga tena nilipokuwa chini, teke la mbavu, na wenzake wakachelewa kidogo kumshika. Sikujikinga. Sisemi haya ili nionekane jasiri. Nilikuwa naogopa mno. Jioni ile walikuja na gari wakamchukua dada yao na watoto na makabati yake mawili.

Sasa ni mwaka na zaidi. Hajaomba talaka na hajasema atarudi. Mama hakukaa na mimi. Wiki ya pili alifunga nguo zake akamfuata mkwewe, na huko ndiko anakoishi, chumba cha uani. Skuli niliacha kushika bakora. Walimu wenzangu wanasema nimelogwa Uarabuni, na darasa langu lina kelele kuliko mengine yote.

Ijumaa huenda kuwaona watoto. Kwa muda mrefu mke wangu hakutoka chumbani nikiwapo. Wiki iliyopita alitoka na kikombe cha chai kwenye sinia, akaniletea mwenyewe. Nilinyoosha mkono kukipokea, na yeye akarudi nyuma hatua moja, bega likaja juu. Ilikuwa haraka sana, sidhani hata mwenyewe alijua. Niliurudisha mkono wangu gotini. Akakiweka kikombe kwenye ukingo wa baraza, akaingia ndani, nami nikangoja mpaka mlango ulipofungwa ndipo nikakichukua.